Uchovu wa Nyumba Ishirini

Kilomita ya 88

Nakiete alijua kucha imeng'oka pale tu alipoona damu kwenye kiatu. Hakuwa amesikia kitu. Alikuwa anateremka kutoka msituni, ukungu umeshuka mpaka usawa wa magoti, na kiatu cha kulia kilikuwa kinazidi kuwa chekundu mbele ya macho yake kana kwamba kimevaliwa na mtu mwingine. Akakitazama kwa hatua kumi hivi, kisha akaacha kukitazama. Tangu saa kumi na mbili alfajiri alikuwa amepanda na kuteremka milima ya Upare kilomita themanini na nane. Sasa ilikuwa saa nane mchana, na miguu yake ilikuwa vilevile alivyoamka nayo.

Hilo ndilo lililomtia hofu. Njaa alikuwa nayo, kiu alikuwa nayo, na jasho lilikuwa linamtoka la kutosha kufulia shuka. Kilichokosekana ni uchovu wenyewe. Mwili ulikuwa unafanyishwa kazi ya punda na hakuna aliyekuwa akilalamika. Mara mbili tatu alijipiga kofi pajani ahakikishe kama paja ni lake. Kofi alilisikia, lakini kwa mbali, kama mlango unaogongwa nyumba ya jirani.

Uchovu ulikuwepo, ila haukuwa kwake. Ulikuwa kijijini Kisesheni, kwenye uwanja wa shule, kwa watu waliolala juu ya mikeka.

Mshipi aliojifunga kiunoni, mpana kama vidole vitatu, ulikuwa unaupima mwili wake kila sekunde na kuugawa uchovu wake. Kitu hicho kilitengenezwa kwanza kwa ajili ya hospitali, ili ndugu wagawane maumivu ya mgonjwa baada ya upasuaji. Ndugu anavaa bangili, bangili inamlaza usingizi, na usingizini anaumwa badala ya mgonjwa. Haikuchukua muda, wenye akili zao wakagundua kwamba kinachogawa maumivu kinaweza kugawa na uchovu. Mijini kikapigwa marufuku, baada ya matajiri kuanza kupumzika kwa miili ya wengine. Huku milimani Baraza la Maji likakiruhusu kwa kazi moja tu, mbio za kugombea mto.

Kesi ya mto Nasheke, kati ya Kisesheni na Ngofi, ilikuwa imekaa mahakamani miaka thelathini na mmoja. Wapare nao kwa kesi hawajambo. Baba anamrithisha mwanawe shamba, mbuzi, na kesi. Mahakimu watatu walistaafu wakaiacha palepale. Mafaili yakawa yanaongezeka na mto unapungua, mpaka yakabaki maji ya kutosha kijiji kimoja. Ndipo Baraza likasema basi. Kila kijiji kitoe mkimbiaji mmoja, kilomita mia na ishirini, na atakayetangulia kufika kilele cha Shengena mto ni wa kwao. Watakaoshindwa watafungasha na kuhamia tambarare, kwenye vumbi, waanze upya.

Kisesheni hawakuhitaji kufundishwa namna ya kugawana kazi. Wana msaragambo tangu enzi za mababu zao. Baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu mmoja, mfereji unachimbwa, jioni kila mtu na njia yake. Daftari la msaragambo lilikuwa na nyumba sitini. Mwenyekiti wa kijiji, Mbonea, akalipeleka kwa fundi wa Baraza, fundi akaingiza nyumba sitini kwenye mtambo, na uchovu wa Nakiete ukakatwa vipande sitini vilivyo sawa. Alfajiri baragumu likalia, watu wakaja na mikeka yao.

Nakiete aligeuka kutazama nyuma. Juu kwenye kona, ndani ya ukungu, fulana nyeupe ilitokeza, ikapotea, ikatokeza tena. Alikuwa Kajiru wa Ngofi, na mwendo wake haukuwa umebadilika tangu asubuhi. Nakiete akaongeza kasi. Haikumgharimu chochote.

Kilomita ya 104

Njia ya mbio ilipita katikati ya Kisesheni, kwenye uwanja wa shule penyewe. Nakiete alikuwa ameisubiri sehemu hii siku nzima. Alitaka tu kuwaona watu wake, apate moyo wa kupanda ule mlima wa mwisho.

Kabla hajaviona vibanda vya kwanza alisikia mvua. Akatazama juu, mvua hapakuwa. Alipopita kwenye migomba ya shule ndipo alipotambua kuwa ni visigino. Watu wote walikuwa wamelala chali kwa safu, macho wamefumba, na miguu yao ilikuwa inakimbia juu ya mikeka. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, wote kwa pamoja. Mwalimu mkuu na soksi zake. Fundi seremala. Mke wa mwenyekiti, khanga imefungwa vizuri vifundoni ili asije akaaibika usingizini. Ilimchukua Nakiete kitambo kidogo kuelewa kuwa mdundo ule ni wake yeye.

Akasimama. Visigino vyote vikanyamaza kwa pamoja, na uwanja ukawa kimya mpaka akasikia kuku wakiparura nyuma ya darasa. Akainua mguu wa kulia, polepole. Miguu ya kulia ikainuka safu kwa safu. Akaushusha haraka.

Halafu akaona kwamba si wote walionyamaza. Mwisho wa safu ya tatu palikuwa na miguu miwili iliyokuwa bado inapiga mkeka, kwa nguvu, bila mpangilio. Mkeka wenyewe ulikuwa umechanika. Aliyelala pale alikuwa Navoneiwa, mama yake mzazi. Eliwaza, nesi wa zahanati, alikuwa amepiga magoti pembeni yake na kitambaa cha maji.

"Mbona mama hajaacha?" Nakiete aliuliza. "Mimi nimesimama."

"Alizonazo ni nyingi, mdogo wangu. Haziishi upesi."

"Nyingi nini?"

Eliwaza alimtazama mwenyekiti, aliyekuwa amesimama kwenye kivuli cha darasa na baragumu lake kwapani. Mbonea akajikuna shingo.

"Sehemu," Eliwaza alisema. "Daftari lina nyumba sitini. Hebu hesabu waliolala hapa."

Nakiete alihesabu. Walikuwa arobaini na mmoja.

"Nyumba kumi na tisa zimefungwa," Mbonea alisema. "Wenyewe wako Dar, wako Arusha, wengine huko Mwanza hata kurudi hawarudi. Funguo wamemwachia mama yako, si unajua? Na mwenye ufunguo ndiye anayetoa mtu wa msaragambo. Desturi hiyo haikuanza leo."

"Kwenye mfereji anachimba ya kwake leo, ya jirani kesho! Anamaliza kwa mwezi mzima, na mapumziko katikati. Hapa zote ishirini zimemwangukia siku moja!"

"Hilo hatukuliwaza," mwenyekiti alisema, na sauti ilionyesha kwamba anasema kweli. "Haki ya Mungu, Nakiete, hatukuliwaza. Tulisoma daftari kama siku zote. Nikiita nyumba ya marehemu Senzota, mama yako anajibu yupo. Nikiita ya akina Mrutu, anajibu yupo. Alijibu mara ishirini, watu wakawa wanacheka. Fundi naye akazifuata alama za dole zilizotiwa kwenye daftari."

Sitini, ishirini zake. Theluthi nzima ya mlima ilikuwa imekaa juu ya mwanamke mmoja wa miaka hamsini na saba.

"Mvueni hiyo bangili."

"Nikimvua akiwa usingizini, mzigo unabaki naye humohumo," Eliwaza alisema. "Mlango ni mmoja tu, mshipi wako. Ukiufungua wewe, vyote vilivyogawanywa vinarudi kwako."

"Vyote?"

"Kwa mkupuo mmoja."

"Utadondoka hapohapo," Mbonea alidakia, "na Kajiru atapita akikutazama. Kisha kesho niwaambie nini hawa? Waamke wafungashe?" Hakuwa anafoka. Macho yake yalikuwa mekundu, na Nakiete akakumbuka kuwa mkewe naye alikuwa amelala pale.

"Dada Eliwaza, mama atafika mwisho? Niambie ndiyo au hapana."

"Mapigo ya moyo yanakwenda mia na arobaini. Zimebaki kilomita kumi na sita. Ingekuwa tambarare ningekuambia nenda. Lakini ni kupanda."

"Ndiyo au hapana?"

"Sijui, mdogo wangu."

Nakiete alipiga magoti. Mama alikuwa na jasho lililojaa mpaka kwenye vishimo vya shingo, na midomo yake ilikuwa inacheza. Nakiete akainamisha sikio.

"Yupo," mama alikuwa anasema kwa pumzi tu. "Yupo. Yupo."

Akaweka mkono kwenye ndoano ya mshipi. Aliuweka pale kwa muda ambao baadaye angejaribu kuukadiria na kushindwa. Nyuma yake nyayo zikasikika, na Kajiru akaingia uwanjani. Alipoiona ile mikeka alikinga uso kwa kiganja kama anayepita mbele ya mtu anayeoga.

"Shikamoo mwenyekiti. Poleni jamani," alisema bila kusimama, akapita katikati ya safu kwa uangalifu asimkanyage mtu, akashika njia ya mlimani.

"Nakiete," Mbonea alisema. "Mama yako alitia dole mwenyewe."

Alikuwa anaujua udhaifu wa maneno hayo, na Nakiete pia. Hata hivyo alisimama, akaondoka mbio, na nyuma yake ile mvua ikaanza tena.

Kilomita ya 111

Alijipangia mpango wa kupunguza madhara. Penye mwinuko angetembea, penye nafuu angekimbia, na kila hatua angeichagua ile inayomgharimu mama kidogo. Mpango huo ulimfariji kwa kilomita tatu. Tatizo ni kwamba hakuwa na kipimo. Mtu anayechoka hujua amebakiwa na kiasi gani. Miguu humwambia, mapafu humwambia. Yeye alikuwa anatumia mwili uliolala kilomita saba nyuma, na mwili huo haukuwa na namna ya kumwambia basi.

Alimkuta Kajiru kwenye kijito, ameinama anakunywa kwa viganja. Alikuwa kijana wa umri wake, mrefu, uso wa upole. Hata amesimama, magoti yake yalikuwa yanatetemeka kwa kutaka kuondoka.

"Kaka Kajiru, tutembee," Nakiete alisema. "Sote wawili. Mpaka karibu na kilele, ndipo tushindane."

"Kwa nini?"

"Nyinyi mko wangapi kwenye mikeka?"

"Tisini na mbili. Kila mtu na sehemu yake."

"Mama yangu ana ishirini peke yake."

Kajiru alifuta mdomo. Hakuuliza ilikuwaje. Ngofi nao wana msaragambo wao na nyumba zao zilizofungwa, na Nakiete alimwona akiwaza juu ya watu wake mmoja mmoja.

"Ningetembea nawe hata mpaka kesho, dada," alisema mwishowe. "Lakini mke wangu amelala kule, na mtoto wetu ana miezi minne. Hajanyonya tangu alfajiri. Nasikia kilio chake humu sikioni kila nesi wetu akifungua redio. Nikichelewa, mama yake anachelewa kuamka." Akatazama chini. "Unisamehe."

Akaondoka. Nakiete akabaki na maji yakimpita miguuni, yale maji yenyewe yaliyokuwa yanagombewa, membamba kama mkono wa mtoto. Kumchukia Kajiru kungekuwa rahisi zaidi, lakini hakuweza.

Wala asidanganye mtu kwamba alichokifanya baada ya hapo alikifanya kwa ajili ya kijiji tu. Alianza kumfuata kwa kutembea, kisha kwa mbio ndogo, kisha njia ikawa kali na mawe yakawa kama ngazi, na pale ndipo alipoukumbuka utamu. Alikuwa mkimbiaji tangu shule ya msingi. Maisha yake yote mlima ulikuwa unamkatalia mahali fulani, na leo ulikuwa haumkatalii. Alirukia jiwe moja hadi jingine. Upepo ulimpita masikioni. Alimpita Kajiru pasipo kumtazama, akacheka kwa sauti, peke yake, ndani ya ukungu.

"Nakiete, punguza." Ilikuwa sauti ya Eliwaza kwenye redio ya sikioni. "Mia na themanini. Punguza!"

Akapunguza. Nyuma, mawe yakasikika yakiporomoka chini ya viatu vya Kajiru.

"Usimsikilize!" Mwenyekiti alikuwa amenyakua redio. "Zimebaki tano, binti yangu, tano tu! Jikaze!"

Zilikuwa zimebaki kona mbili kabla ya tambarare ya mwisho. Alijiambia: kona hizi mbili tu. Akazikimbia zote mbili kwa nguvu zake zote, yaani kwa nguvu zisizo zake.

Kilomita ya 115

Juu ya mwinuko aligundua kuwa redio haisemi. Ilikuwa imewashwa; alisikia ule mdundo wa visigino kwa mbali, mzito, wa watu wengi. Alitega sikio akitafuta ile miguu miwili iliyokuwa ikipiga nje ya mpangilio. Hakuisikia.

Akasimama palepale na kufungua mshipi.

Kwa pumzi moja hakikutokea kitu. Kisha uchovu ukarudi, na haukurudi kama mzigo mmoja. Ulikuja mtu baada ya mtu. Wa kwanza alikuwa fundi seremala. Nakiete alimtambua kwa goti, lile goti la kushoto lililomsumbua tangu alipoanguka kwenye paa la kanisa, na sasa lilikuwa linauma ndani ya goti lake. Akaanguka. Akaja mwalimu mkuu na kifua chake chembamba. Akaja mke wa mwenyekiti na ule mgongo anaoulalamikia kila Jumapili. Kila mmoja alikuwa ameutumikia uchovu kwa mwili wake, na alikuwa anaurudisha ukiwa na alama yake. Walikuja wenye vidole vya baridi yabisi, wenye nyonga, wenye meno mabovu. Nakiete alilala ubavu kwenye nyasi zenye maji, akauma mkono, akalia kwa sauti, na kwa kila aliyefika alikuwa anahesabu.

Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini.

Halafu pakatulia. Maumivu yalikuwa yamemjaa kila mahali, mpaka kwenye kope, lakini alijua mahali ambapo hayapo. Navoneiwa alivunjika kifundo cha mguu wa kulia miaka kumi na miwili iliyopita, alipoteleza kwenye mfereji akiwa kwenye zamu ya nyumba isiyo yake, na hakikuunga sawasawa. Akitembea umbali mrefu kilikuwa kinamchoma kwa ndani, karibu na mfupa. Nakiete alikijua kifundo hicho. Alikuwa amekikanda kwa maji ya moto jioni zisizo na idadi. Akanyoosha mguu wake wa kulia. Akazungusha kiganja kwenye kifundo chake, akakibonyeza, akasubiri kichome.

"Njoo," alisema. "Mama, lete. Lete zote."

Kifundo kilikuwa kizima kabisa. Akakipiga ngumi. Alisikia ngumi, basi.

Kajiru alitokea kwenye mwinuko, akamwona, akasimama. Miguu yake haikutaka kusimama. Ikawa inakanyaga palepale.

"Umefungua," alisema.

"Ya mama haijafika."

 Kajiru alitoa koti dogo la mvua kwenye mkoba wake mwenyewe, akamfunika Nakiete nalo mabegani, akamshika bega. Redio ya sikioni mwake ilikuwa inatoa kilio cha mtoto. Nakiete aliweza kuisikia kutoka pale alipokuwa.

"Nenda," Nakiete alimwambia. "Mama yake akamnyonyeshe."

Akaenda. Fulana nyeupe ikapungua, ikamezwa na ukungu, na pamoja nayo ikaenda Kisesheni nzima, mashamba ya tangawizi, shule, na zile nyumba kumi na tisa zilizofungwa. Watu walikuwa wanaamka kule chini. Kupitia redio alisikia kikohozi, akasikia mtu anauliza ni saa ngapi, akasikia mikeka inakunjwa. Kisha mtu mmoja akapiga yowe, na wengine wakanyamaza.

"Nakiete." Eliwaza alikuwa anaongea polepole, kama anavyoongea na wagonjwa. "Unanisikia, mdogo wangu?"

"Nakusikia. Bado sehemu ishirini, dada. Zitakuwa zimechelewa kwa sababu ni nyingi. Si ulisema haziishi upesi?"

Nyuma ya Eliwaza mtu alikuwa anaimba wimbo wa msibani kwa sauti ya chini, bado hajapata uhakika wa maneno.

"Usisubiri," Eliwaza alisema.

Nakiete alitoa redio sikioni, akaiweka kwenye nyasi. Akaushika mguu wake wa kulia kwa mikono miwili, kidole gumba juu ya mfupa, mahali palepale alipokuwa akikanda. Akasubiri.